Bodi ya mikopo wamekupa nusu na famasi unaitaka: namna ya kuziba pengo la ada ukiwa mtoto wa huku kusini

Kila mwaka majina ya bodi yakishatoka simu yangu haipumziki, mara dogo wa Tandahimba mara binti wa Ruangwa, kilio kimoja, kaka nimepata famasi lakini mkopo haujakaa sawa nifanyeje. Mi mwenyewe nimetokea Newala, nimesoma kwa hela za kuunga unga mpaka nikawa mfamasia, kwaiyo naandika hapa mara moja nisirudie rudie.

Kwanza tulia usome mkopo wako vizuri, usiangalie ile namba kubwa ya jumla. Ule mkopo umegawanywa mafungu, kuna ada ambayo inaenda chuoni moja kwa moja we huishiki, kuna chakula na malazi ambayo ndo bumu, kuna vitabu na viandikwa, kuna mafunzo kwa vitendo, na sisi wa afya kuna vifaa maalum. Bumu kamili toka 2022/23 ni 10,000 kwa siku. Watu wengi wanasikia "nimepata milioni tatu" wanaanza kushangilia kumbe kwenye ada pale kuna robo tu, wengine wanalia kumbe ada iko karibu yote, kilichopungua ni vitu vingine ambavyo unaweza kuvibana. Chukua karatasi, andika ada ya chuo chako, toa ulichopewa kwenye ada peke yake, alafu ongeza vile vidogo ambavyo hakuna anayekwambia nyumbani: 20,000 ya TCU (tume ya vyuo vikuu) kila mwaka, bima ya afya, koti jeupe, hela ya serikali ya wanafunzi, na nauli ya kutoka huku mpaka stendi ya Mbezi, Dar, na kurudi. Jibu utakalopata ndo pengo lako. Usiende kuomba hela kwa mtu kabla hujalijua kwa shilingi.

Alafu rufaa. Usiipuuze bana, dirisha likifunguliwa kata rufaa hata kama umepewa asilimia 60. Wengi wetu huku tunakosa kwa sababu ya makaratasi, sio kwa sababu sisi ni matajiri. Baba amefariki lakini cheti cha kifo hakijahakikiwa RITA, wale wa vizazi na vifo, kaya iko TASAF, ule mpango wa kaya maskini, lakini hukujaza, jina la cheti cha kuzaliwa Saidi la shule Said. Mi rafiki yangu mmoja wa Nachingwea alikosa mwaka mzima kwa herufi moja. Hivyo vitu vimalize mwezi wa sita mwezi wa saba, usingoje dirisha liko wazi ndo ukapange foleni.

Na kama mzee nyumbani anaogopa mkopo kwa ajili ya riba, mueleze kwamba ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo iliyokuwa inafanya deni linavimba kila mwaka ilifutwa 2021, na kulipa ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi ukishapata kazi. Mzee wangu alinielewa baada ya imamu kumuelewesha, mi mwenyewe aliniona mtoto.

Sasa tuje kwenye penyewe. Shida yetu watu wa Mtwara na Lindi mara nyingi sio kwamba hela hakuna, hela ipo ila inakuja mwezi ambao sio. Chuo kinafungua mwezi wa kumi au wa kumi na moja, wanataka ada ya muhula wa kwanza ndo usajiliwe, wakati minada ya korosho ndo kwanza inaanza mwezi wa kumi na malipo ya mkulima yanaweza kukaa wiki kadhaa. Hapo katikati ndo kangomba anapoingia, yule mnunuzi wa magendo wa bei ya kutupa. Mwaka wangu wa kwanza mzee alipanic, akauza korosho ziko bado juu ya mti kwa mtu wa kangomba, 1,200 kwa kilo, usiku, tukapata ya kunisajili. Mnada wa kwanza ulipofunguliwa bei ikawa zaidi ya mara mbili ya ile na mzee wiki nzima hakutoka barazani. Piga hesabu mwenyewe: pengo la 900,000, mkulima akibakiwa na 3,000 kwa kilo baada ya makato anahitaji kilo 300, akienda kwa kangomba kwa 1,500 anahitaji 600. Yaani unasoma mwaka mmoja kwa korosho za miaka miwili. Na ni kosa kisheria, korosho zinatakiwa zipite chama cha msingi na ghalani.

Kwaiyo panga hivi. Hela ya kusajiliwa muhula wa kwanza isitegemee korosho kabisa, itegemee ufuta na mbaazi. Ufuta wa Lindi unauzwa kuanzia kama mwezi wa tano wa sita hivi, mbaazi zinafuata, hizo hela zikiingia tu tenga ya usajili weka benki kwenye akaunti ambayo hauna kadi yake, mpe mama kadi. Maana mwezi wa saba na wa nane ndo miezi ya ngoma, jando na unyago, vitenge, pilau, na mtoto wa shangazi anatoka ndani, na hela ikiwa kwenye simu haiponi. Sisemi watu wasicheze ngoma, mi mwenyewe nacheza, nasema ada itengwe kabla mdundo haujaanza. Korosho ndo ikae kulipa deni la muhula wa kwanza lililobaki, pamoja na muhula wa pili wote ambao unaanza kama mwezi wa tatu.

Kama kwenu hamna ufuta, likizo ndefu nenda kapulize salfa, dawa ya mikorosho, kwa wenye mashamba makubwa, wanalipa kwa mti au kwa shamba, vaa barakoa tafadhali. Au tafuta duka la dawa Masasi au Mtwara mjini, hutaruhusiwa kumhudumia mgonjwa peke yako kwa kuwa bado hujasajiliwa, ila kuhesabu stoku na kupanga dawa kwa tarehe ya kuisha wanahitaji mtu, na ukifika darasani kwenye majina ya dawa utakuwa mbali kuliko wenzako.

Kuhusu ndugu. Huku kwetu mwenye neno ni mjomba, kwaiyo usianze na kikao cha ukoo ukamshtukiza, nenda kwake kwanza asubuhi, na karatasi yako ya pengo, na barua ya chuo. Shikamoo mjomba, nimekuja na jambo langu. Usimwombe "unisaidie", hiyo haina ukubwa wala mwisho, mwambie mjomba nimebakiwa na deni la 450,000 za muhula huu, mama ametoa 150,000, naomba unisimamie nyingine kwa wajomba wengine. Akishakubali yeye ndo anaitisha kikao. Mi wajomba wanne walijigawia gunia, kila mmoja gunia moja la korosho kila msimu kwa miaka minne, na hakuna aliyeona mzigo kwa sababu gunia linatoka shambani halitoki mfukoni.

Chuoni nako ongea mapema. Usisubiri uzuiwe kufanya mtihani. Andika barua kwa mhasibu kupitia mlezi wa wanafunzi, sema utalipa kiasi gani tarehe gani, ambatanisha barua ya serikali ya kijiji na nakala ya stakabadhi ya ghalani inayoonyesha korosho za mzazi zimeshapokelewa. Ile stakabadhi nilipoionyesha mara ya kwanza mhasibu aliicheka, alafu akanisainia.

Vitu vya kukaa navyo mbali: mikopo ya kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kali, usiguse, hata ile midogo ya kwenye simu ukiichukua kulipia ada utakuwa unakimbizana nayo mpaka mwaka wa nne. Ofisi ya mbunge unaweza kwenda, akiwa na moyo atatoa chake, ila mfuko wa jimbo ni wa miradi sio ada, kwaiyo usikae unausubiri. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ni ya biashara za vikundi, mama akiipata akailipia ada wenzake wa kikundi ndo watakaodaiwa. Hospitali za misheni kama Ndanda na Nyangao kaulize tu kama wana utaratibu wa kusomesha mtu kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi, kuuliza ni bure.

Na kama pengo ni kubwa mno, mfano umepata chuo binafsi ambako ada ni mara mbili tatu ya chuo cha serikali, hakuna aibu kuanza na diploma ya famasi, miaka mitatu, unatoka fundi dawa sanifu unaweza kufanya kazi. Ila jihadhari na mitego miwili. Ukitaka kurudi kusoma digrii GPA isishuke 3.0, na masharti ya bodi yanataka muombaji asiwe na ajira rasmi na asiwe amemaliza masomo zaidi ya miaka mitano iliyopita, kwaiyo ukiajiriwa ukanogewa na mshahara ujue digrii utajisomesha mwenyewe. Piga hesabu hiyo kabla, sio baada.

Ukishaanza chuo, risiti ya kila malipo ipige picha umtumie mjomba siku hiyo hiyo, na matokeo yakitoka nayo mtumie hata kama umesapu somo moja, yaani unarudia mtihani wake, maana akisikia kwa watu gunia la mwaka unaofuata utalifuata mwenyewe kijijini.