Namna ya Kukabili Gharama Kubwa za Kumtibu Mnyama Umpendaye

Bili ya daktari wa mifugo humshtua mtu kwa sababu huja kwa mkupuo, na mara nyingi humkuta mwenye mnyama akiwa katika hali mbaya ya kufanya hesabu: mnyama yuko mezani anahema, na daktari anasubiri jibu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya gharama hiyo huamuliwa kabla ya bili kuandikwa, katika mazungumzo mafupi ambamo daktari hutaja vipimo na matibabu anayopendekeza, na mwenye mnyama, kwa haya au kwa woga, huitikia kila kitu. Punguzo linaloombwa baada ya kazi kufanyika huwa dogo. Mpango wa matibabu uliojadiliwa mapema, kwa upande mwingine, unaweza kupunguza gharama kwa kiasi kikubwa bila kumnyima mnyama tiba anayoihitaji, na kwa sababu hiyo mwongozo huu utakaa zaidi kwenye mazungumzo hayo.

Kabla ya kufikiria kuokoa fedha, ni lazima ujue hali ambazo kusubiri huzigeuza kuwa ghali zaidi au kuwa kifo. Paka dume anayejikakamua kukojoa na mkojo hautoki huenda njia yake imeziba, na anaweza kufa ndani ya siku mbili au tatu. Mbwa, hasa wa aina kubwa mwenye kifua kirefu, ambaye tumbo lake limevimba ghafla na anajaribu kutapika bila kutoa kitu, huenda tumbo lake limejisokota. Huyo huhesabiwa saa, si siku. Vivyo hivyo kwa mnyama anayepumua kwa shida, mwenye ufizi uliopauka, aliyekula sumu, au ambaye kifafa chake kimezidi dakika 5. Katika hali hizi piga simu ukiwa njiani, na uzungumzie fedha huku mnyama akipewa huduma ya kwanza.

Kwa magonjwa mengine mengi una nafasi ya kuuliza. Taja kiasi ulicho nacho mwanzoni kabisa, kwa maneno ya wazi: “Daktari, ninaweza kulipa kiasi hiki leo, tuanzie wapi?” Watu wengi huficha jambo hili wakidhani wataonekana hawampendi mnyama wao, na matokeo yake ni kwamba daktari hupanga matibabu ya mtu mwenye uwezo mwingine kabisa. Omba makadirio ya maandishi yanayoonyesha kiwango cha chini na cha juu, yenye kila kitu kikitajwa peke yake: uchunguzi, vipimo vya damu, eksirei, nusukaputi, upasuaji, siku za kulazwa, dawa, na ziara za marudio, ambazo husahaulika mara kwa mara. Omba pia upigiwe simu kabla gharama haijavuka kiwango mlichokubaliana. Daktari anayechukizwa na maswali ya namna hii amekupa sababu ya kutosha ya kutafuta maoni ya daktari wa pili.

Swali lenye manufaa kuliko yote linahusu vipimo. Mnyama hawezi kueleza anaumwa wapi, na kwa hiyo vipimo ndivyo vinavyosema kwa niaba yake. Si haki kuvidharau. Lakini kwa kila kipimo uliza: jibu likitoka hivi tutafanya nini, na likitoka vile tutafanya nini? Ikiwa matibabu ni yale yale kwa majibu yote mawili, au ikiwa kipimo kinatafuta ugonjwa ambao hutaweza kugharimia tiba yake, basi kinaweza kuachwa au kuahirishwa. Mbwa mzima wa afya aliyeharisha siku moja na bado anacheza na kunywa maji anaweza kuanza kwa tiba rahisi na kuangaliwa. Asipopata nafuu ndipo mnapanda ngazi. Utaratibu huu wa kupanda hatua kwa hatua ni tiba halali, mradi mmekubaliana ni dalili gani zitakazowalazimu kwenda mbele, na ni baada ya muda gani.

Kuhusu tiba yenyewe, uliza iwapo ipo njia ya pili na ya tatu, na kila moja ina nafasi gani ya kufaulu. Mguu uliovunjika vibaya unaweza kuungwa kwa vyuma katika upasuaji mgumu, lakini mara nyingi unaweza pia kukatwa kwa gharama ndogo, na mbwa na paka wengi huishi vizuri kwa miguu mitatu, jambo ambalo huwaumiza wenye wanyama kuliko linavyowaumiza wanyama wenyewe. Baadhi ya mivunjiko ya nyonga ya paka hupona kwa kufungiwa katika kizimba kidogo kwa wiki kadhaa, bila upasuaji. Kwa parvo, ugonjwa unaoua watoto wa mbwa kwa kuharisha na kutapika, ushahidi ni wa kutia moyo zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado State nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2017, uligawa mbwa 40 katika makundi mawili baada ya wote kutulizwa kwanza kwa dripu ya mshipani. Kundi moja liliendelea na matibabu kamili ya kulazwa, na la pili likapewa maji chini ya ngozi, sindano ya kiuavijasumu kinachodumu muda mrefu, na dawa ya kuzuia kutapika, kwa utaratibu unaoweza kufuatwa na mgonjwa asiyelazwa. Katika kundi la kwanza walipona 18 kati ya 20, na katika la pili 16 kati ya 20. Kulazwa ni bora, hilo halina ubishi. Lakini asiyeweza kulipia kulazwa hana sababu ya kurudi nyumbani mikono mitupu.

Makadirio yakishakuwa mkononi, zungumza kuhusu namna ya kulipa kabla kazi haijaanza. Kliniki nyingi humkubalia mteja wanayemfahamu alipe kwa awamu, na hii ni faida mojawapo ya kuwa na daktari mmoja wa kudumu badala ya kuhamahama. Hospitali za mafunzo katika vyuo vikuu vinavyofundisha udaktari wa mifugo wakati mwingine hutoza nafuu. Vyama vya kutetea wanyama navyo huendesha kliniki za bei ndogo au huchangia matibabu. Nchini Uingereza, kwa mfano, shirika la hisani la PDSA, lililoanzishwa London mwaka 1917 na Maria Dickin, bado huwatibu wanyama wa watu wenye kipato kidogo. Ukiomba michango kwa ndugu na marafiki, ambatanisha makadirio ya maandishi na uwaombe walipe moja kwa moja kwenye kliniki, kwa kuwa watu huchanga kwa moyo mwepesi zaidi wanapoona fedha zinakokwenda. Mkopo wa riba kubwa uwe wa mwisho, na usichukuliwe kabla daktari hajakueleza waziwazi uwezekano wa kupona.

Dawa nazo zina nafasi ya kupunguziwa. Omba cheti cha dawa ili ulinganishe bei katika maduka mengine, na uulize kama kuna dawa isiyo na jina la kibiashara yenye kiambato kile kile. Kinachokatazwa kabisa ni kumpa mnyama dawa za binadamu kwa kukisia. Ini la paka haliwezi kuiondoa parasetamoli mwilini ipasavyo, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Ibuprofeni inaweza kumtia mbwa vidonda vya tumbo na utumbo na kuharibu figo zake. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrini ni sumu kali kwa paka. Akiba ya aina hii huishia kwenye bili kubwa kuliko ile iliyokimbiwa.

Huja wakati ambapo hakuna njia yoyote unayoimudu, au ipo lakini itamwongezea mnyama mateso kwa faida ndogo. Uliza basi ni huduma gani ya kutuliza maumivu inawezekana nyumbani na kwa muda gani, kisha tazama kama anakula, analala bila maumivu na anajitambua. Sindano ya kumaliza mateso, yaani ya kumfisha mnyama bila maumivu, ni tendo la huruma. Mnyama anayeachwa bila tiba na bila sindano hiyo ndiye anayeteseka kweli.

Kwa siku zijazo, chanjo, dawa za kupe na uzito wa wastani hupunguza ziara nyingi za ghafla. Kufunga kizazi kunastahili kutajwa peke yake, kwa sababu mbwa jike asiyefungwa kizazi anaweza kupata usaha katika mji wa mimba wiki chache baada ya kipindi chake cha kutaka dume, na upasuaji wa dharura wa usaha huo hugharimu mara kadhaa ya ule wa kawaida. Weka akiba ndogo kila mwezi katika akaunti isiyochanganywa na matumizi mengine. Bima, pale inapopatikana, ikatwe mnyama akiwa mchanga na mzima, kwa kuwa kampuni kwa kawaida hazilipii ugonjwa uliokuwepo kabla ya mkataba, na huweka kipindi cha kusubiri kabla ya fidia kuanza. Soma kwenye mkataba kiasi utakachojilipia mwenyewe kwanza, kikomo cha malipo kwa mwaka, na kama ugonjwa wa kudumu kama kisukari utaendelea kulipiwa mwaka wa pili. Uliza pia kama kampuni huilipa kliniki moja kwa moja au hukurudishia fedha baadaye, maana ikiwa ni baadaye, siku ya dharura bado utahitaji akiba ile.