SOMO: Kumjua sato halisi kabla hujalipa hela ya vifaranga

Wakuu salaam, hasa nyie wa Hombolo, Chamwino na Bahi mnaochimba mabwawa. Watu wanauziwa "sato" halafu bwawa linajaa perege wadogo wadogo, na muuzaji simu hapokei. Ukubwa na rangi visikupumbaze, samaki hawa rangi inabadilika hata akiogopa tu.

1. Anza na mkia. Mfungue vizuri kwenye mwanga, ukiwa umekunjwa huoni kitu. Sato (Oreochromis niloticus) ana mistari myembamba iliyosimama, imepangana mkia mzima kuanzia shina mpaka ncha. Hana hiyo mistari? Basi sio sato, biashara iishie hapo. Ila kifaranga mdogo sana mistari haijakolea, subiri akue kidogo au omba uonyeshwe wazazi.

2. Perege wa Rufiji na Wami (Oreochromis urolepis), huyu ndo mwenyeji wa maji ya Ruaha yanayoingia Mtera. Dume akikomaa anakuwa mweusi, pezi la mgongo na mkia vina ukingo mwekundu, mdomo nao unakuwa mkubwa.

3. Ngege (Oreochromis esculentus) asili yake Ziwa Victoria, sato alipandikizwa kule miaka ya 1950 na sasa ngege ni wa kutafuta. Kichwa kidogo, mkia hauna mistari, dume wa kuzaa ubavu mwekundu tumbo jeusi.

4. Chotara ndo kichwa kinauma, maana hawa wanazaana wenyewe kwa wenyewe. Ukikuta mistari imekatikakatika au iko nusu mkia, shtuka. Kuna chotara ambao jicho haliwapati kabisa mpaka vinasaba vipimwe, kwa hiyo mi naona bora ununue kwa mtu anayejua wazazi wametoka wapi.

MASWALI

Mkuu wangu wana doa jeusi kwenye pezi la mgongo, nimepigwa?
– Hapana, vifaranga wa jamii hii wengi wanalo, tazama mkia.

Sisi wa Singida perege wa ziwa la chumvi ni yupi?
– Oreochromis amphimelas, yupo Kitangiri, Eyasi na Manyara pia. Wa Tanzania tu huyo, tafadhali msimwagie sato humo.

Kiongozi, dume na jike je?
– Mgeuze tumbo juu. Dume ana matundu mawili, jike matatu, la katikati ni kama mkato wa kulala, ndo yai linapotokea. Mfute kwanza na kitambaa maana ute unaficha.