Namna ya kuwaeleza vijana jinsi Jan Mayen ilivyoingia chini ya mfalme wa Norwe

Nimesoma vipimo vya hali ya hewa hapa Lamu miaka ishirini na saba, saa tatu asubuhi na saa tisa alasiri, mvua inyeshe, jua liwake. Saa hizo hatukujichagulia wenyewe. Vituo vya dunia nzima husoma kwa pamoja. Kwa hiyo nilipokuwa naandika joto na upepo wa Lamu, kulikuwa na mtu katika kisiwa cha barafu kiitwacho Jan Mayen, nyuzi 71 kaskazini, akiandika vyake dakika zile zile. Jina la kisiwa nililijua kabla ya habari zake. Nilipozipata habari zake nikaona watoto wa mtaa wetu wa Langoni lazima wazisikie, kwani kisiwa kile ufalme ulikitwaa kwa kazi kama yangu.

Sasa nimestaafu, na kila likizo ya Agosti nawakusanya barazani. Nawe ukitaka kuwasomesha wako, fanya hivi.

Tafuta tufe la dunia, uzi, upawa, daftari la mistari na mkeka. Tufe usilikose. Ramani ya ukutani huzivuta nchi za kaskazini zikaonekana kubwa kupita kiasi, na uzi wako utadanganya.

Anza na uzi. Mpe mtoto mmoja apime kutoka Jan Mayen hadi Greenland, kisha hadi Iceland, kisha hadi Norwe. Ataona kwamba Norwe ndiyo ya mbali kuliko zote, zaidi ya kilomita 900, na Greenland ni maili za baharini 250 hivi. Waulize: kwa nini kisiwa kikachukuliwa na wa mbali, wa karibu wakaachwa? Usiwajibu. Kaa kimya hata kama kimya hicho kinakuwasha.

Watoto wa Lamu hawakawii na swali hili. Mwaka wa kwanza kijana mmoja aliniambia, “Babu, mbona Sayyid wa Maskati naye alikuwa mbali na sisi?” Kweli kabisa. Baada ya vita vya Shela, kama mwaka 1812 hivi, watu wa Lamu waliwashinda Pate na Mazrui wa Mombasa, kisha wakaogopa kisasi. Wakamwomba hifadhi Sayyid Said wa Oman, naye akaleta liwali na askari. Ngome tunayopita kila siku tukienda sokoni ilimalizika kama 1821, chini ya ulinzi huo. Mwambie mtoto aandike katika daftari: njia ya kwanza ni kuitwa. Jan Mayen hakukuwa na wa kuita.

Sasa toa upawa. Kisiwa kina umbo hilo hilo: kichwa cha mviringo upande wa kaskazini mashariki, shingo nyembamba, na mkono unaoelekea kusini magharibi. Katika kichwa unasimama mlima Beerenberg, mita 2,277, juu barafu na ndani moto. Ulilipuka 1970, ukalipuka tena 1985. Hakuna mti wala bandari ya kuaminika, na ukungu ndio mwenyeji. Wakishaushika upawa hawasahau.

Hatua ya tatu ni ya waliokiona, na hapa usiharakishe. Waholanzi walifika mwaka 1614, na jina linatokana na nahodha wao, Jan Jacobszoon May. Walifuata nyangumi. Kila kiangazi walijaa pwani wakiyeyusha mafuta katika masufuria makubwa, na baridi ikikaribia waling'oa nanga. Mwaka 1633 wakawaacha watu saba wakeshe majira ya baridi kulinda mali. Wale saba waliandika daftari, upepo umetoka wapi, hali ya anga ikoje, siku baada ya siku, hadi mwisho wa Aprili 1634. Kisha maandishi yakakatika. Meli ziliporudi kiangazi hicho zilikuta wote wamekufa. Mimi siwezi kuisimulia sehemu hii kwa haraka. Mwandishi wa vipimo ninajua ilivyo kusimama kwenye mvua kwa ajili ya mstari mmoja, nao hawakuwa na wa kuwapokea zamu.

Nyangumi walipomalizwa, Waholanzi hawakurudi tena. Jina lilibaki, milki haikubaki. Mtoto akibisha, mkumbushe nguzo ya Vasco da Gama pale Malindi: msalaba wa Wareno bado umesimama, na Malindi si ya Wareno.

Waaustria na Wahungari wapitishe kwa sentensi mbili. Walikaa mwaka mmoja, 1882 hadi 1883, wakapima hali ya hewa na kuchora ramani nzuri ya kisiwa. Kisha wakaenda zao.

Ndipo tunafika kwa Wanorwe. Wavuvi wao walikuwa wakizama kwa dhoruba zitokazo bahari ile, na wataalamu wa hali ya hewa wa mji wa Bergen chini ya Vilhelm Bjerknes walikuwa wameonyesha kwamba dhoruba huzaliwa pale hewa baridi ya ncha ya dunia inapokutana na hewa ya uvuguvugu. Mtu anayetaka kuionya pwani lazima awe na jicho huko juu. Mwaka 1921 mhandisi Hagbard Ekerold akajenga kituo Jan Mayen, chenye redio ya kupeleka vipimo. Mwaka uliofuata taasisi ya hali ya hewa ya Norwe, si jeshi, ikatwaa eneo la kituo kwa niaba ya nchi. Mwaka 1926 ikatwaa kisiwa kizima. Serikali ilikuja nyuma yao: amri ya kifalme ya 8 Mei 1929, zama za Mfalme Haakon VII, iliyokiweka kisiwa chini ya mamlaka ya Norwe, kisha sheria ya 27 Februari 1930 iliyokifanya kuwa sehemu ya ufalme wenyewe. Watenganishie tarehe hizi mbili. Kuwekwa chini ya mamlaka ni jambo moja, kuwa kiungo cha mwili wa nchi ni jingine.

Kwa hatua hii tandika mkeka. Mtoto mmoja asimame juu yake na kitambaa cha bendera, mwingine akae na daftari, na kila ukipiga kofi mwenye daftari aandike mstari. Endelea kwa robo saa. Mwenye bendera atachoka, ataondoka kunywa maji, na mwenye daftari atabaki: hiyo ndiyo njia ya pili, kukaa na kufanya kazi. Mama mmoja aliyekuwa akisuka ukili kando yetu alisema, “Mali bila daftari hupotea bila habari,” na watoto wakaelewa kuliko nilivyoeleza mimi.

Wakiuliza kuhusu vita, waeleze kwamba Ujerumani iliivamia Norwe Aprili 1940, na watu wa kituo wakaendelea kupeleka vipimo, safari hii kwa Waingereza. Baadaye mwaka huo kituo kikaharibiwa kisiangukie mikononi mwa adui, na 1941 Wanorwe wakarudi.

Mahali utakapokwama ni neno “ardhi isiyo na mwenyewe.” Kwa Jan Mayen neno hilo ni la kweli, hakuna wenyeji waliokutwa pale. Lakini neno hilo hilo limetumika kunyang'anya nchi zenye watu, na mtoto wa mwambao hapaswi kulimeza hivi hivi. Mzoeshe kuuliza kwanza: nani alikuwa akiishi hapo, na aliulizwa? Greenland ya jirani ina watu wake tangu zamani, kwa hiyo habari yake haifundishwi kwa mkeka huu.

Kwa wakubwa, wa kidato cha tatu na nne, ongeza bahari. Denmaki, yenye Greenland chini yake, na Norwe zilifikishana mahakama ya kimataifa ya The Hague, na hukumu ikatoka 14 Juni 1993. Ubishi haukuwa kisiwa ni cha nani, bali mpaka wa maji kati yake na Greenland. Pwani ya Greenland iliyohusika ilikuwa ndefu mara tisa hivi, kwa hiyo mstari wa katikati ukasogezwa kuelekea Jan Mayen. Vijana wa Kiunga na Kizingitini, vijiji vyetu vya wavuvi, hawahitaji maelezo marefu hapa. Mahakama hiyo hiyo ndiyo iliyotoa hukumu ya bahari yetu na Somalia, 12 Oktoba 2021, nayo Kenya ikaikataa.

Panga mambo yako yaishe kabla ya saa tisa alasiri. Ikifika, wapeleke nje, waonyeshe upepo unakotoka na mawingu yamefunika sehemu ngapi kati ya nane, kila mmoja aandike mstari wake, tarehe, saa na jina. Daftari libaki barazani. Chagua wa zamu ya kesho saa tatu asubuhi.