Guta Linapochemsha: Kutafuta Chanzo na Kutengeneza Mfumo wa Kupoza Injini

Pikipiki nyingi za bodaboda, zikiwemo Boxer na TVS HLX, hupozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda, kwa hiyo hazina rejeta wala pampu ya maji na hazihusiki na maelezo haya. Yanayofuata yanahusu injini zinazopozwa kwa maji, na hasa ile ya guta la mizigo la magurudumu matatu, ambalo wengine huliita Toyo, lenye silinda moja ya cc 200 au zaidi. Chombo hiki hubeba saruji, magunia ya mkaa na matangi ya maji kwa mwendo mdogo, mara nyingi kikiwa kimezidishiwa mzigo, nacho hupata upepo haba kuliko pikipiki inayokimbia. Ndiyo maana hitilafu ndogo tu katika mfumo wake wa maji hutosha kulichemsha. Njia za uchunguzi ni zilezile kwa pikipiki kubwa yenye rejeta, isipokuwa vifaa vimefungwa mahali tofauti.

Kabla ya kushika spana, mwulize dereva guta linachemsha wapi na wakati gani, maana jibu lake huokoa nusu ya kazi. Guta linalochemsha kwenye foleni ya Buguruni, Dar es Salaam, na kutulia linaposhika barabara iliyo wazi lina tatizo la feni, au la waya, fyuzi na swichi inayoiwasha, kwa sababu likitembea, upepo wa mwendo hufanya kazi ambayo feni ilipaswa kuifanya. Linalotulia mjini lakini likachemsha linapopanda mlima na mzigo huwa na rejeta iliyoziba, au pampu isiyosukuma maji ya kutosha, kwani hapo injini huzalisha joto jingi kuliko maji yanavyoweza kulitoa. Linalochemsha dakika chache baada ya kuwashwa asubuhi, hata likiwa tupu, mara nyingi lina maji pungufu, hewa iliyonaswa ndani ya mfumo, thamostati (vali inayofunguliwa na joto la maji) iliyoganda ikiwa imefunga, au gasketi ya silinda hedi iliyoungua. Mafundi wengi huliruka swali hili na kukimbilia kung'oa thamostati, nami nitaeleza mbele kwa nini hilo ni kosa.

Chombo kikichemsha njiani, kisimamishwe kivulini na injini izimwe, na kifuniko cha rejeta kisiguswe. Kifuniko hicho huwa kimeandikwa shinikizo lake, kwa mfano 1.1 (takriban bar 1.1), maana yake maji yaliyofungiwa chini yake hayachemki kwa nyuzi 100 bali hufika takriban nyuzi 120, kwa kipimo cha usawa wa bahari. Ukikifungua yakiwa na joto hilo, shinikizo hushuka ghafla na maji hugeuka mvuke papo hapo, yakamrukia usoni aliyeinama juu yake. Subiri mpaka mpira wa maji wa juu uweze kushikwa kwa kiganja bila kuunguza na uwe laini ukiubonyeza; hata hapo, tumia kitambaa kinene na kuzungusha kidogo kidogo ili shinikizo lililobaki litoke kwanza. Vilevile usiimwagie injini maji baridi ili ipoe upesi, wala usiyatie ndani ingali moto, kwa sababu hedi ya aluminiamu ikipozwa ghafla hupinda au kupasuka, na tatizo la shilingi elfu chache hugeuka kazi ya kufungua injini.

Injini ikishapoa, uchunguzi uanzie kwenye maji yenyewe. Kiwango kiangaliwe ndani ya rejeta, si kwenye chupa ya akiba peke yake, kwa sababu chupa inaweza kuonekana imejaa ilhali rejeta ina upungufu. Hali hiyo ni ushahidi mzuri: maji yanapopata joto hutanuka na kusukumwa kwenda kwenye chupa, na yanapopoa yanapaswa kuvutwa yarudi, yasiporudi, ama vali ndogo iliyo katikati ya kifuniko imekwama, ama mpira mwembamba wa chupa una ufa unaovuta hewa. Kikague kifuniko kwa kukigeuza na kutazama mpira wake wa chini, na ukiuona umekauka, umekatika au una alama ya kina iliyochimbwa na mdomo wa rejeta, nunua kingine chenye namba ileile ya shinikizo. Kwa wanaofanya kazi Iringa au Mbeya, ambako maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi kwa sababu ya mwinuko, kifuniko kibovu huleta madhara mapema zaidi kuliko Tanga au Dar es Salaam.

Aina ya maji ina uzito kuliko madereva wengi wanavyodhani. Maji ya visima vya pwani yana chumvi, na chumvi hiyo, ikichanganyika na joto la injini, huacha ukoko mweupe kwenye kuta za silinda na ndani ya vijia vyembamba vya rejeta, huku ikiila aluminiamu polepole. Kinachotakiwa ni kulanti, yaani kimiminika maalumu cha kupozea injini, inayofaa injini za aluminiamu, ama iliyochanganywa tayari, ama ya kuchanganya nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Maji hayo huuzwa kwenye maduka ya vipuri kwa ajili ya kuongezea betri, lakini hapa pana hatari: baadhi ya wauzaji huita maji ya betri hata ile tindikali ya kujazia betri mpya, basi soma chupa kabla ya kulipa. Kulanti nayo ni sumu yenye ladha tamu, hivyo iliyomwagwa isiachwe kwenye beseni mahali watoto, mbwa au mbuzi wanapoweza kuifikia.

Uvujaji hutafutwa asubuhi na mapema kabla injini haijawashwa, wakati madoa yamekauka na yanaonekana. Tazama ncha za mipira, maungio ya rejeta na chini ya pampu, ukitafuta michirizi myeupe au yenye rangi ya kulanti. Mpira uliovimba, uliopasuka juu juu au unaobonyea mno ubadilishwe mzima. Kufunga waya wa kawaida badala ya klipu ni desturi iliyozoeleka gereji, lakini waya huo huukata mpira kidogo kidogo kila injini inapotetemeka. Na kipande cha tyubu kilichozungushwa juu ya tundu ni cha kukufikisha nyumbani tu. Wapo pia wanaotia yai au binzari kwenye rejeta ili kuziba tundu. Tundu huweza kuziba kweli, ila vijia vya maji navyo huziba pamoja nalo, na anayekuja kuisafisha rejeta baadaye ndiye anayelipia.

Rejeta yenyewe huziba kwa namna mbili. Kwa nje, tope linalorushwa na gurudumu la mbele hujaa kati ya mapezi na kukauka kama udongo wa ukuta. Lioshwe kwa maji ya msukumo mdogo kutoka upande wa injini kwenda nje, maana mashine ya kuoshea magari ikielekezwa karibu huyalaza mapezi na kuizuia hewa kabisa. Yaliyolala yanyooshwe taratibu kwa bisibisi bapa. Kwa ndani, washa injini mpaka ipate joto na mpira wa chini nao uwe moto, kisha zima, chomoa soketi ya feni ili isiweze kuwaka, na upitishe kiganja karibu na uso wa rejeta bila kuugusa: sehemu yenye joto ina maji yanayopita, na sehemu iliyo baridi katikati ya joto imeziba. Ikiwa imeziba kidogo, kuisukumia maji safi kinyume na mkondo wake wa kawaida, mpaka yatoke yakiwa safi, kunaweza kusaidia. Ikiwa robo au zaidi haipati joto, ni nafuu kubadilisha.

Feni huchunguzwa kwa kuipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri ya volti 12, vidole vikiwa mbali na mapanga yake. Isipozunguka, mota imekufa. Ikizunguka, tatizo liko kabla yake, yaani kwenye fyuzi, rilei, waya uliokatika, au swichi ya joto iliyofungwa kwenye rejeta au kwenye injini. Kwa swichi ya kawaida yenye nyaya mbili, chomoa soketi yake na uunganishe nyaya hizo kwa kipande cha waya huku ufunguo ukiwa umewashwa. Feni ikizunguka, swichi ndiyo mbovu. Njia hii isitumike kwenye pikipiki ambayo feni yake huongozwa na kompyuta ya injini. Swichi nyingi huwasha feni maji yanapofika kati ya nyuzi 95 na 105, kwa hiyo feni isiyozunguka injini ikiwa vuguvugu haina kosa lolote. Liko kosa jingine ambalo hupita bila kuonekana: fundi aliyebadilisha mota akageuza nyaya, feni ikazunguka kinyume na kuusukuma upepo dhidi ya ule wa mwendo. Shika karatasi nyepesi mbele ya rejeta. Feni iliyo nyuma ya rejeta inapaswa kuivuta karatasi hiyo igandie kwenye mapezi.

Thamostati hufungwa wakati injini ni baridi ili ipate joto la kazi upesi, kisha hufunguka na kuyaruhusu maji yaende kwenye rejeta. Dalili ya iliyoganda ni mpira wa juu kuwa wa moto sana upande wa injini huku rejeta ikibaki baridi. Ifungue, itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji isiyotumika tena kupikia, bila kugusa kitako, na upashe moto ukitumia kipimajoto. Nyingi za pikipiki huanza kufunguka kati ya nyuzi 70 na 85, na namba kamili huwa imegongwa kwenye mwili wake. Isiyofunguka maji yakiwa yanatokota haifai. Kuitoa na kuliacha tundu wazi, kama inavyofanyika kila siku, huifanya injini ichelewe kupata joto, itumie mafuta zaidi na ichakae mapema, tena kama chanzo kilikuwa rejeta au gasketi, guta litarudi gereji likichemsha vilevile.

Kwa pampu, tafuta kitundu kidogo kilicho chini ya mwili wake. Hakikutobolewa kwa bahati mbaya. Kimewekwa ili sili ya maji ikiharibika, maji yadondoke nje badala ya kuingia kwenye oili. Basi kinapodondosha, badilisha sili, wala usikizibe kwa gundi, kwa kuwa maji yaliyonyimwa njia hiyo yataisukuma sili ya pili na kuishia kwenye krenki. Pampu ikiwa wazi, tazama pia kama panga lake la kusukumia maji halijaliwa na kutu au kulegea kwenye shafti.

Gasketi ya silinda hedi iachwe mwisho kwa sababu ni kazi kubwa, ingawa dalili zake huonekana mapema. Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta, washa, na utazame mdomoni: mapovu yanayotoka mfululizo na kuongezeka ukivuta mafuta ni gesi ya silinda inayopenya kwenye maji. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto, maji yanayopungua bila kuvuja nje, na oili yenye rangi ya chai ya maziwa huzidi kuthibitisha. Hedi ikishafunguliwa, usibadilishe gasketi tu; weka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake na ujaribu kupitisha fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi) ya milimita 0.05 chini yake, na ikipita, hedi ipelekwe kusawazishwa kwa mashine. Bolti zikazwe kwa mkato wa msalaba, kwa hatua, na kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha injini hiyo.

Ikiwa kila kitu katika mfumo wa maji ni kizima, joto linatoka kwingine: oili pungufu, kabureta inayotoa mafuta machache, breki inayoshika muda wote, au klachi inayoteleza chini ya mzigo.

Baada ya matengenezo yoyote, mfumo ujazwe polepole huku sehemu ya mbele ikiinuliwa ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko vyote. Acha injini itembee kifuniko kikiwa wazi, bonyeza mipira kwa mkono ili mapovu yatoke, na ongeza kulanti kadiri inavyoshuka. Thamostati ikifunguka kiwango hushuka ghafla, jaza tena na ufunge kabla maji hayajaanza kutokota. Subiri feni iwake na kuzima yenyewe angalau mara mbili, kisha ulipakie mzigo wa kawaida na ulipeleke kwenye kilima ambacho lilikuwa likichemshia. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua tena na uangalie kiwango: upungufu mdogo ni hewa iliyokuwa imebaki, na unajazwa, ukipungua tena siku ya pili, rudi kwenye madoa ya uvujaji, na yasipoonekana, kwenye mapovu ya gasketi.