TIG ya tundu la ufunguo au TIG ya mkono: kuchagua na kuandaa mshono wa milimita 10

Tuchukue mabamba mawili ya stenlesi ya daraja la 304L yenye unene wa mm 10, yanayounganishwa ukingo kwa ukingo yakiwa yamelala mezani. TIG ni uchomeleaji kwa arki, yaani cheche ya umeme inayowaka kati ya ncha ya tangsteni na chuma, ndani ya gesi ya kinga. TIG ya mkono inaiweza kazi hii, na TIG ya tundu la ufunguo, ambayo arki yake hutoboa bamba zima, inaiweza pia. Kwa mkono, ugumu uko kwenye kiganja cha fundi. Kwa tundu la ufunguo, ugumu wote umeshaisha au umeshakushinda kabla arki haijawashwa, kwa sababu uko kwenye kingo.

Kwa mkono, chonga kila ukingo kwa nyuzi 30 ili V nzima iwe na nyuzi 60. Bakiza bapa lisilochongwa la mm 1.5 chini na uache mwanya wa mm 2. Tumia tangsteni ya mm 2.4, waya wa kujazia wa ER308L wa mm 2.4, na gesi ya arigoni lita 8 hadi 12 kwa dakika. Mshono wa mzizi, yaani tabaka la kwanza la chini, piga kwa ampia 90 hadi 110, tabaka za kujaza 130 hadi 160, na usianze tabaka mpya mpaka chuma kishuke chini ya nyuzi 150 za Selsiasi. V hiyo ina eneo la karibu mm² 62, kwa hiyo kila mita inakula karibu nusu kilo ya waya. Ukihesabu tabaka tano kwa mwendo wa mm 80 kwa dakika, arki peke yake itawaka zaidi ya saa moja kwa mita, bado hujasubiri chuma kipoe wala hujapiga brashi.

Tundu la ufunguo, lililobuniwa katika shirika la utafiti la CSIRO nchini Australia mwishoni mwa miaka ya 1990, halihitaji V, na mara nyingi halihitaji waya. Umeme wa karibu ampia 600 unapita kwenye tangsteni nene ya takriban mm 6 inayopozwa kwa maji. Ampia zikipanda, msukumo wa arki unapanda kwa kasi kuliko ampia zenyewe, hadi dimbwi la chuma linasukumwa pembeni na tundu linatoboka mpaka upande wa chini. Tochi inaposonga, chuma kilichoyeyuka kinazunguka tundu na kujifunga nyuma yake. Kinachokizuia kisidondoke ni mvutano wa uso wa chuma chenyewe. Ndiyo maana shaba na alumini hazifai hapa: joto linatawanyika haraka, dimbwi linapanuka, na tundu halitulii.

Maandalizi yake ni haya. Kata kingo ziwe mraba kwa mashine, maana grenda ya mkono haitoshi. Mabamba yagusane, mwanya ukifika hata nusu milimita anza kuwa na wasiwasi, kwa kuwa hakuna waya wa kuuziba. Safisha kwa asetoni juu, chini na kwenye uso wa ukingo wenyewe. Shikiza kwa pointi ndogo za kuchomelea, kisha ongeza vipande vya mm 50 vya unene uleule mwanzoni na mwishoni, ili tundu lifunguke na kufungwa nje ya kazi yako. Noa tangsteni kwa nyuzi 60 kwenye mashine, mikwaruzo ikienda kwa urefu. Chagua tangsteni iliyochanganywa na lanthani, kwani vumbi la ile yenye thori lina mionzi.

Anza na ampia 550 hadi 650 na mwendo wa mm 250 hadi 350 kwa dakika, kisha rekebisha kwenye kipande cha majaribio. Hidrojeni ya asilimia 2 hadi 5 ndani ya arigoni huongeza mwendo kwenye stenlesi ya aina ya 304 na 316, lakini usiithubutu kwenye titani wala chuma cha kawaida. Kioo cha barakoa kiwe cha giza namba 14.

Chini ya mshono weka mfereji wa shaba wenye arigoni, na uwe na kina cha kutosha. Tundu likishafunguka, ulimi wa moto hutokea upande wa chini. Ulimi ukigonga shaba ya mfereji, shaba inaingia kwenye mshono na kuleta nyufa. Ulimi huohuo ndio kipimo chako. Ukiwa umetulia na umeinama kidogo kuelekea nyuma, mzizi umepenya. Ukikatika, mzizi haujashika, hata kama juu pametulia na kung'aa: ongeza ampia au punguza mwendo. Dimbwi likizama na kudondoka, umezidisha joto au mwanya umefunguka mbele ya tochi, na mara nyingi ni mwanya. Kingo za juu zikiliwa pembeni, punguza mwendo.

Kwa mwendo wa mm 300, mita moja inakamilika kwa dakika tatu na ushee. Ampia 600 kwa volti 17 ni karibu kilojuli 2 kwa milimita, mara moja tu. Tabaka tano za mkono, kila moja ikiwa na takriban kilojuli 1.25, zinafika zaidi ya kilojuli 6. Kwa hiyo bamba linapinda kidogo sana, na kazi ya kunyoosha baadaye inapungua.

Hata hivyo mkono haujastaafu. Chini ya mm 3 tundu halina faida. Bomba lililofungwa mahali pake, mshono wa kusimama au wa juu ya kichwa, kona ya vipande viwili, na ukarabati ambapo kingo haziwezi kukatwa upya, vyote ni vya mkono. Bomba linaloweza kuzungushwa chini ya tochi ni suala jingine, ila mwisho wa mzunguko lazima ampia zishushwe taratibu huku mwendo ukiendelea, la sivyo tundu linabaki wazi pale ulipozima.

Kabla ya kugusa kazi halisi, piga kipande cha mm 300, kikate katikati kwa msumeno, kisugue mpaka kilainike na ukipake asidi ili umbo la mshono lionekane. Mstari wa muungano wa awali usionekane popote, kuanzia juu hadi chini.