SOMO: Barafu kwenye kabureta, hata hapa Ikweta

Kila mwezi wa saba, Nairobi inapofunikwa na lile wingu la asubuhi, naletewa swali lile lile: "Mwalimu, nilikuwa nashuka kuelekea Wilson, injini ikaanza kupoteza nguvu. Mafundi wameikagua, hawaoni kitu." Hawaoni kwa sababu ushahidi umeshayeyuka. Naandika hapa mara moja, na kuanzia leo atakayeniuliza nitamtumia uzi huu.

Ndege ndogo nyingi tunazofundishia bado zinatumia kabureta, yaani chombo kinachochanganya hewa na petroli kabla hazijaingia kwenye injini. Hewa ikipita kwenye koo la kabureta huenda kasi, shinikizo linashuka, na papo hapo petroli inageuka mvuke. Yote mawili yanakula joto. Humo kooni joto linaweza kushuka kwa zaidi ya nyuzi 30. Kwa hiyo nje kukiwa na nyuzi 20, ndani ni chini ya sifuri, na unyevu wa hewa unaganda kwenye kilango kinachopitisha hewa ya injini. Hatari ni kubwa zaidi chini ya nyuzi 21, unyevu ukizidi asilimia 80, lakini barafu inaweza kutokea hata nje kukiwa na nyuzi 38. Huhitaji wingu wala mvua.

Hatua ya 1. Soma METAR, ile ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa ndege. Ukiona 14/12, yaani joto na kiwango cha umande vimekaribiana, panga safari ukijua barafu itakuja.

Hatua ya 2. Unapopima injini kabla ya kuruka, vuta hita ya kabureta, kile kitufe kinachoipa kabureta hewa iliyopashwa na ekzosi. Mizunguko ya injini kwa dakika lazima ishuke kidogo. Isiposhuka, rudi kwa fundi. Usifanye hivi penye vumbi, maana hewa ya hita haipiti kwenye filta.

Hatua ya 3. Rudisha hita ndani kabla ya kupaa.

Hatua ya 4. Angani, angalia mshale wa mizunguko kila baada ya dakika kumi hivi. Kwa propela isiyobadilika pembe, mizunguko hupungua taratibu bila wewe kugusa chochote. Kwa propela inayobadilika pembe, tazama shinikizo la manifoldi, yaani la hewa inayoingia kwenye injini. Wengi hupitwa hapa kwa sababu mkono unaongeza nguvu kidogo kidogo bila akili kujua.

Hatua ya 5. Hii ndiyo inayoua. Ukishuku barafu, vuta hita YOTE, na uiache hapo. Injini itazidi kuwa mbaya kabla ya kupona: hewa moto ni nyepesi, mchanganyiko unazidi mafuta, na barafu inayoyeyuka inamezwa na injini kama maji. Itatetemeka, itakohoa. Mwanafunzi mmoja, tukiwa karibu na Ngong, mizunguko ilishuka kutoka 2,400 hadi karibu 2,100. Akavuta hita vizuri kabisa. Injini ilipoanza kutikisa dashibodi, akairudisha ndani haraka, akaniambia, "Mwalimu, hita inaharibu injini!" Nikaivuta tena, nikaweka kiganja changu juu ya mkono wake asiisukume. Mtikisiko uliendelea kwa muda ambao kwake ulikuwa mrefu sana, kisha mshale ukaanza kupanda wenyewe. Kuyeyuka kunaweza kuchukua sekunde 30, kunaweza kuchukua dakika kadhaa. Ukirudisha hita katikati ya mtikisiko, umeiachia barafu iliyobaki ijijenge upya, na safari hii uko chini zaidi. Na usivute nusu: bila kipimajoto cha kabureta, nusu inaweza kuipandisha hewa baridi kavu hadi pale pale inapoganda.

Hatua ya 6. Kwenye kushuka, vuta hita KABLA ya kupunguza nguvu. Joto lake linatoka kwenye ekzosi. Injini ikizimika, ekzosi inapoa na hita inakufa nayo. Ukighairi kutua, ongeza nguvu kwanza, kisha rudisha hita.

---

Mwanaanga_Msa: Huku Mombasa nyuzi 29, barafu itoke wapi?

Mwandishi: Soma aya ya pili.

Mwanaanga_Msa: Nimesoma, ila sijawahi kuiona.

Mwandishi: Haionekani. Iko ndani ya kabureta. Unyevu wa pwani ni mkubwa kuliko wetu huku, na unaposhuka nguvu ikiwa chini, kilango kikiwa karibu kimefungwa, barafu kidogo tu inatosha kukiziba. Vuta hita, ndugu yangu.

Tai_wa_Nanyuki: Narusha Cessna 172S, sioni hicho kitufe cha hita. Kimefichwa wapi?

Mwandishi: Hakipo. 172S haina kabureta, mafuta yanapulizwa moja kwa moja. Fungua kitabu cha ndege yako kabla ya kuuliza. Ila jua kwamba kwenye wingu lenye baridi, filta ya hewa yenyewe inaweza kuzibwa na barafu, kwa hiyo soma pia sehemu ya hewa mbadala, njia ya pili ya hewa kuingia kwenye injini.

Binti_Rubani: Shikamoo mwalimu. Kwenye Cessna 150 nilifundishwa kuvuta hita kila ninaposhuka. Kwenye Piper mwalimu mwingine anasema nisivute mpaka nione dalili. Nani yuko sahihi?

Mwandishi: Marahaba, binti yangu. Wote wawili. 150 ina injini ya Continental, na kabureta yake imening'inia chini, mbali na joto. Piper yako ina Lycoming, na kabureta yake imefungwa kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kwa hiyo inapashwa kiasi fulani muda wote, ndiyo maana kitabu chake kinasema hivyo. Haina maana kwamba haigandi. Asubuhi ya 14/12, hata kwenye Piper pima hita kabla hujapunguza nguvu, angalau sekunde 15, uone mshale unasema nini.

Mzee_Kaskazi: Na barafu ya mabawa?

Mwandishi: Hapa kwetu hewa hufikia sifuri karibu futi 16,000, usawa wa Point Lenana kwenye Mlima Kenya. Ndege zetu hizi hazifiki huko. Wanaorusha Caravan, ndege kubwa zaidi, wafungue uzi wao.

Okoth_wa_Kisumu: Petroli ya gari inabadilisha chochote?

Mwandishi: Swali zuri. Inageuka mvuke upesi zaidi, kwa hiyo inapoza zaidi. Kama ndege yako imeruhusiwa kuitumia, vuta hita mapema zaidi.

Fundi_Hanga: Niongeze hapa. Mkikagua ndege, kamata lile bomba laini linalopeleka hewa iliyopashwa na ekzosi kwenye kabureta. Nimekuta limepasuka, na rubani anavuta kitufe kila siku bila kupata joto.

Mwandishi: Asante sana fundi. Na ekzosi yenyewe?

Fundi_Hanga: Hiyo ndiyo kubwa. Hita ya kabini inachukua joto hapo hapo. Ikiwa na ufa, moshi wenye kaboni monoksaidi, gesi ya sumu, unaingia kwa abiria, na gesi hiyo haina harufu. Wekeni kile kipimo kidogo cha kubandika dashibodini, na muangalie tarehe yake, kinaisha nguvu.