Jinsi ya kubuni fisi maji wa hadithi anayeaminika

Wachoraji wengi huanza na sura ya kupendeza, kisha wakamtafutia mnyama mahali pa kuishi. Geuza mpango huo. Amua kwanza maji na chakula, na mwili utakuja kwa kufuata hivyo. Mfano wetu ni kibamvua, fisi maji wa kubuni wa mikoko ya delta ya Rufiji.

Hatua ya 1: Maji na windo. Maji ya mikokoni yana tope, hivyo macho hayamfai sana. Windo lake ni kaa koko. Ukitaka awinde samaki kwa macho, mhamishie kwenye maji maangavu, anakopenda fisi maji mwenye madoa shingoni wa Ziwa Victoria.

Hatua ya 2: Mikono. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mnyama anapewa kucha ndefu na utando hadi ncha za vidole, halafu anachorwa akimbandua kaa gamba kwa ustadi wa fundi saa. Utando kamili husukuma maji vizuri, ila huvifunga vidole visifanye kazi kimoja kimoja. Chagua moja. Fisi maji wa Afrika asiye na kucha hupapasa topeni na chini ya mawe kwa vidole vya mbele vilivyo wazi. Utando wake uko zaidi nyuma, pamoja na vijikucha vya kuchania manyoya kwenye vidole vya kati. Kibamvua amrithi huyo.

Hatua ya 3: Kichwa. Mpe masharubu magumu ya kuhisi mtikisiko wa maji, na magego mapana ya kuponda gamba. Masikio na pua vizibe akizamia.

Hatua ya 4: Manyoya. Weka tabaka mbili: ya juu ndefu, ya chini laini inayoshika hewa na kuzuia baridi. Fisi maji wa Pasifiki ya kaskazini hana shahamu nene, kwa hiyo manyoya yake hufika nywele 150,000 hivi kwa sentimita moja ya mraba. Rufiji kuna joto, punguza. Usisahau chumvi, kwani hugandamanisha manyoya hadi yakashindwa kushika hewa. Fisi maji wa mitoni wanaowinda baharini hulazimika kujisuuza kwa maji matamu. Basi kila kibamvua awe na kijito au dimbwi lake, na kiangazi kikikausha madimbwi, ugomvi wa hadithi umejileta wenyewe.

Hatua ya 5: Hesabu ya chakula. Chukua uzito wa kilo 10 na mlo wa asilimia 15 ya uzito huo kwa siku: kilo 1.5. Kwa kaa wa gramu 150 ni kaa 10, na zaidi ukiondoa magamba. Kundi la 40 kwenye mkondo mmoja litamaliza kaa kabla hadithi haijafika katikati. Wawe mama na watoto wawili au watatu.

Hatua ya 6: Ratiba na makazi. Kaa koko hutoka zaidi usiku, maji yakijaa, kwa hiyo kibamvua afuate maji, ambayo huchelewa kama dakika 50 kila siku. Kinyesi chenye vipande vya magamba akiweke sehemu zilezile, kwenye mwinuko. Watoto huzaliwa vipofu na kuogelea hufundishwa na mama, hivyo tundu liwe juu ya alama ya maji ya bamvua, yaani maji yanapojaa kupita kawaida. Likiwa chini yake, litafurika mara mbili kwa mwezi.